Mavi ya nyungunyungu na CAN katika shamba moja: yapatana?

SWALI: Mimi ni mama mkulima huku Ganda, Malindi. Nina robo ekari ninayopanda nyanya na biringanya, namwagilia kwa maji ya kisima. Miaka sita sasa natia DAP, ile mbolea ya kupandia, shimoni, kijiko kikubwa kila shimo, halafu mfuko mzima wa CAN, ile ya kukuzia, kwa mara mbili. Zamani nikitia CAN, baada ya siku chache majani yabadilika rangi mpaka jirani auliza nimetia nini. Siku hizi natia na sioni kitu, na udongo umekuwa mwepesi kama mchanga wa ufuoni. Mwanangu aliyetoka chuoni aniambia niachane kabisa na mbolea ya dukani, nifuge nyungunyungu nitumie mavi yao. Shemeji yangu acheka, asema minyoo haijawahi kulisha mtu, na hata nikiifuga, mbolea ya chumvi itaiua yote. Je, vitu hivi viwili vyaweza kutumika pamoja? Kwa kiasi gani? Na hao nyungunyungu nitawapata wapi, maana hapa shambani siwaoni tena?

JIBU: Mama, vyaweza. Na kwa udongo ulionieleza, ningesema kimoja bila kingine ni hasara: mbolea ya dukani peke yake itakuponyoka, na mavi ya nyungunyungu peke yake hayatakutosha. Nitakueleza kwa nini, kisha tuje kwenye konzi na vijiko.

Nianze na hiyo CAN isiyoonekana, kwa sababu nadhani ndiyo iliyokufanya uandike. Mbolea yako haijapungua nguvu. Kilichopungua ni kitu cha kuishika. Mchanga una chembe kubwa na nafasi pana katikati, na chembe zenyewe hazina tabia ya kushika kitu. Nusu ya nitrojeni iliyomo kwenye CAN iko katika hali ya naitreti, ambayo huyeyuka na kwenda popote maji yanapokwenda. Nusu nyingine ni amonia, nayo vijidudu vya ardhini huigeuza kuwa naitreti baada ya wiki chache tu kwenye joto letu. Sasa piga picha: umetia CAN Jumanne, masika ikashuka Jumatano usiku. Asubuhi mbolea yako iko chini ya mizizi ya nyanya, inaelekea kisimani. Waswahili husema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi. Shambani kwako pakacha linavuja kweli, ila mchukuzi na mwenye mali ni mtu mmoja, na anayepata nafuu ni muuza mbolea.

Zamani ulikuwa na cha kuishika: majani yaliyooza, mizizi ya zamani, samadi. Miaka sita ya kulima, kung'oa, kuchoma mabaki na kuacha udongo wazi kwenye jua la kaskazi imekula akiba hiyo yote.

Kuna jaribio dogo ambalo mwanao na shemeji wangelifanya pamoja, wabishane wakiwa na ushahidi mbele yao. Chukueni chupa mbili za maji za lita moja, mzikate matako, mzipindue mdomo chini, na kila mdomo mfunge kitambaa chepesi. Chupa ya kwanza tieni udongo wa shamba mkavu. Ya pili tieni udongo uleule uliochanganywa na mboji ya nyungunyungu, yaani hayo mavi yao, vikombe vitano vya udongo kwa kimoja cha mboji. Kisha kila moja mmwagieni glasi moja ya maji kwa wakati mmoja, na chini yake mweke bilauri. Nililifanya siku moja na kina mama wa kikundi kimoja upande wa Kakuyuni. Chupa ya mchanga mtupu ilikuwa imekwisha kudondosha kabla hatujamaliza kugawana mahamri, na bilauri yake ilikaribia kujaa. Ile nyingine ilidondosha pole pole, tone, tone, na maji mengi yalibaki ndani ya udongo. Mmoja akaingiza kidole kwenye udongo, akakitoa, akasema, "Huu wanywa, ule wapisha." Sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Kinachofanyika ni hiki. Nyungunyungu humeza mabaki yaliyoanza kuoza, huyasaga tumboni mpaka yakawa laini sana, na hutoa kile kinachoonekana kama mashapo ya kahawa: chembechembe nyeusi zilizoshikana kwa ute wake na kujaa vijidudu. Chembe hizo hunyonya maji kama sifongo. Tena zina uwezo wa kushika amonia, potasiamu na kalsiamu zisichukuliwe na maji, kisha kuziachia mzizi ukizihitaji. Naitreti yenyewe haishikwi namna hiyo, nisikudanganye, lakini maji yanayoibeba hushuka taratibu, na sehemu yake huliwa na vijidudu ambavyo vikifa huirudisha. Kwa hiyo kazi kubwa ya mboji hii kwako ni kuziba pakacha. Chakula kilichomo ndani yake ni cha ziada.

Hapo ndipo ninapoachana na mwanao, ingawa nampenda kijana anayerudi nyumbani na jambo la kumwambia mamake. Mwambie achukue kalamu. Mfuko wa CAN wa kilo 50 wenye asilimia 26 una kilo 13 za nitrojeni. Mboji ya nyungunyungu, ikikaushwa, mara nyingi huwa na asilimia 1 hadi 2 tu. Tuchukue moja na nusu. Kupata kilo 13 zilezile wahitaji karibu kilo 870 za mboji kavu, na kwa kuwa mboji ikitoka sandukuni nusu yake au zaidi ni maji, utabeba kama tani moja na robo tatu. Kwa robo ekari! Na hata ukizibeba, nitrojeni yake nyingi bado imefungwa ndani ya mabaki, hutoka kidogo kidogo, sehemu msimu huu na sehemu misimu ijayo, wakati mnyanya unaobeba matunda hauna subira hiyo. Mkulima akiacha mbolea ya dukani ghafla na kutegemea debe tatu za mboji, atapata nyanya ndogo, halafu atawatukana nyungunyungu bure.

Shemeji naye ana neno, ila amelipeleka mahali pasipo pake. Ni kweli ukiwamwagia nyungunyungu CAN ndani ya sanduku lao utawaua. Chumvi huwanyonya maji na amonia huwachoma ngozi, na ngozi ndiyo wanayopumulia. Lakini nani amesema uwapeleke shambani? Hawa wekundu wanaofugwa si wachimbaji wa udongo. Makazi yao ni juu, kwenye samadi na majani yanayooza, na mchanga mtupu wa Ganda kwao ni jangwa. Wao wabaki kivulini wakila, shambani yanakwenda mavi yao tu. Mavi hayafi kwa CAN.

Na wale wa asili waliotoweka? Usiitwishe mbolea lawama yote. Nyungunyungu wa shambani huhama au hufa kwa njaa na ukavu kabla ya kitu kingine. Ukiacha mabaki ya mazao juu ya udongo badala ya kuyachoma, ukafunika matuta kwa majani, na ukaacha kurundika mbolea mahali pamoja, baada ya misimu miwili mitatu chimba chini ya majani hayo asubuhi baada ya mvua. Huenda ukawasalimia.

Kabla ya vipimo, nataka ufanye kitu kimoja zaidi, na kitakugharimu ndimu moja. Chukua udongo wako mkavu kijiko kimoja, uweke kwenye sahani, ukamulie ndimu juu yake na usikilize. Ukichachatika na kutoa povu, una chokaa ya matumbawe ndani. Ukinyamaza, huna, au unayo kidogo sana. Malindi si udongo mmoja: karibu na ufuo tumekalia mwamba wa matumbawe, ukisogea bara wakutana na mchanga mwekundu usio na chokaa, na kandokando ya mto Sabaki kuna udongo wa mafuriko ulio mzito kuliko yote hayo. Ushauri wa mbolea hubadilika hapo.

Kama umechachatika: fosforasi ya DAP hukamatwa haraka na chokaa, mmea ukabaki kuitazama. Ukiichanganya na mboji shimoni wakati wa kupanda, asidi za mboji huchelewesha ukamataji huo, na hii ni moja ya sababu nzuri zaidi za kuviweka pamoja. Badala ya CAN, ambayo yenyewe imetiwa chokaa, ulizia mfuko ulioandikwa SA, salfeti ya amonia. Ina nitrojeni asilimia 21 na salfa juu yake, na huvuta udongo upande wa uchachu. Na mbolea ya yurea usiiache juu ya udongo kamwe. Kwenye chokaa na joto hili hupaa kama amonia. Ile harufu kali inayokukuna pua siku ya pili ni pesa yako hiyo.

Kama haukuchachatika, tatizo lako laweza kuwa kinyume: DAP miaka sita mfululizo huelekea kuchachusha udongo usio na chokaa. Hapo baki na CAN yako. Kwa vyovyote, ukipata nafasi peleka sampuli ipimwe. KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, wana maabara za udongo, na afisa wa kilimo wa wadi yako anaweza kukuonyesha njia ya kuifikisha. Ndimu ni ya kuanzia tu.

Sasa vipimo. Nitachukua kwamba wapanda nyanya kwa sentimita 75 baina ya mistari na 50 baina ya miche, yaani miche kama 2,700 kwa robo ekari.

Mboji yako ya kwanza kabisa usiipeleke shambani. Ipeleke kitaluni. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wengi humwaga mboji kidogo waliyonayo shamba zima ikapotea kama chumvi baharini. Kitaluni mche mmoja hula kijiko tu, na faida yake huifuata mpaka shambani: mizizi mingi, shina nene, mche usioshtuka unapohamishwa. Changanya sehemu moja ya mboji na sehemu nne za udongo uliochekechwa. Usizidishe ukidhani utapata zaidi. Clive Edwards na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walijaribu mboji hii kwa miaka mingi kwenye vyungu vya nyanya na mimea mingine, na waliona miche ikinawiri zaidi pale mboji ilipokuwa kati ya asilimia 10 na 40 ya mchanganyiko. Walipopandisha sana kiwango, ukuaji ulirudi nyuma. Mboji nyingi hubana hewa na huwa na chumvi zake. Ukitumia mchanganyiko huu, DAP kitaluni huihitaji.

Siku ya kupandikiza, tia konzi moja ya mboji chini ya shimo, uikoroge na udongo. Juu ya hapo DAP, lakini si kijiko kikubwa tena. Kijiko kikubwa ni gramu 15 hivi, umekuwa ukimaliza kilo 40 za DAP kwa robo ekari, na ni nyingi mno. Tumia kifuniko cha soda kimoja, gramu tano hivi, uichanganye na mboji ile, kisha ufunike kwa udongo vidole viwili ndipo ukalishe mche. Mzizi mchanga usiiguse DAP moja kwa moja.

Kwa mbolea ya kukuzia, gawa mara tatu badala ya mbili. Kwenye mchanga, mara nyingi kidogo kidogo hushinda mara moja kwa wingi. Wiki ya tatu baada ya kupandikiza, kijiko cha chai kimoja cha CAN (au SA, kijae zaidi) kwa kila mche, kwa kuuzungushia duara kiganja kimoja kutoka shinani, kisha fukia. Maua yakianza, kijiko kingine. Na matunda ya kwanza yakifikia ukubwa wa ndimu, badala ya CAN tia NPK 17-17-17, yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu pamoja, kipimo hichohicho. Hapa ninakukosoa kidogo, mama: kwa miaka sita hukuzipa nyanya zako potasiamu ya dukani hata chembe, maana DAP haina na CAN haina. Nyanya hutaka potasiamu ili tunda lijae na liive rangi moja. Mboji ina kiasi, haitoshi. Jivu la kuni linayo, lakini kama udongo wako ulichachatika kwa ndimu, jivu liache jikoni.

Ukijumlisha, CAN yako imeshuka kutoka kilo 50 hadi 27, DAP kutoka 40 hadi 14 kasoro, na umeongeza NPK kama kilo 14. Mboji uliyotia ni kilo 270 hivi. Sehemu kubwa ya akiba hiyo imetokana na kuacha kupoteza. Ukiniuliza mboji imechukua nafasi ya mbolea kiasi gani msimu wa kwanza, nitakuambia pengine robo, si zaidi. Anayekuahidi nusu tangu msimu wa kwanza anataka kukuuzia kitu.

Jambo la kuchanganya. Unapanda, changanya shimoni na ufunike siku ileile. Lakini usichanganye mboji mbichi na mbolea ukaweka akiba. Nilipokuwa kijana mwenye haraka, niliona nitaokoa muda: nikakoroga gunia la mboji yenye unyevu na ndoo ya CAN, nikalifunga mdomo, nikaliegemeza ukutani stoo, nikaenda harusini Lamu siku nne. CAN hunyonya maji hata ya hewani, seuze ya mboji. Niliporudi gunia lilikuwa linachuruzika uji mweusi sakafuni, na mlangoni harufu ilinirudisha nyuma hatua mbili. Na yurea ni mbaya zaidi kwa kuwekwa hivyo, maana ndani ya mboji kuna kimeng'enya kinachoigeuza kuwa amonia haraka. Amonia ya CAN yangu ilipaa, na mboji iliyobaki ilikuwa matope yasiyo na uhai. Wale vijidudu niliowagharimia ndio niliowapika.

Kufuga kwenyewe si kugumu, ila pwani ina maadui wake watatu: joto, chumvi na siafu.

Joto kwanza. Nyungunyungu wekundu hupenda kati ya nyuzi 15 na 27, na zikipita 35 huanza kufa. Mwezi wa Februari na Machi hapa kwetu mabati yanaweza kuokea mkate. Kwa hiyo pasiwe chini ya mabati wala kwenye plastiki nyeusi juani. Chini ya mwembe, au banda la makuti lililo wazi pande zote upepo upite. Juu ya tuta funika gunia la mkonge lililoloweshwa, na ulipitie asubuhi na alasiri. Kipimo cha unyevu ni mkono: shika konzi ya matandiko, ibane kwa nguvu. Itoke tone moja au mawili katikati ya vidole. Ikichuruzika, umezidisha, isipotoka kitu, wana kiu.

Matandiko yetu ya pwani ni bora kuliko ya wenzetu wa bara: kumbi la nazi. Lichane lichambuke, lichanganye na samadi ya ng'ombe iliyopoa. Lakini angalia kumbi limetoka wapi. Lile lililofukiwa ufuoni kwa ajili ya kamba limekunywa bahari. Liloweke kwenye maji baridi, uyamwage, uloweke tena. Na hapa tuzungumze kisima chako. Onja. Yakiacha chumvi ulimini, usiwamwagie nyungunyungu. Wawekee maji ya mvua au ya bomba. Mboji itakusaidia kupunguza mara unazomwagilia, lakini chumvi iliyokwisha ingia udongoni haiiondoi. Hiyo huondoka kwa mvua nzuri na maji matamu tu.

Samadi iache ipoe wiki mbili tatu kwenye rundo kabla ya kuwapa, kwa sababu mbichi hupanda joto, na kwa sababu ya jambo lingine ambalo hakuna anayekumbuka kuuliza: kama ng'ombe walipewa dawa ya minyoo hivi karibuni, dawa hutoka na mavi, na dawa ya minyoo haichagui minyoo. Muulize mwenye boma. Samadi ya kuku usitumie, ni kali na ina chumvi. Kutoka jikoni wape chicha ya nazi kidogo kidogo (wanaipenda, ila ukiirundika huchacha na kuleta nzi), maganda ya ndizi, majani ya mchicha, mashapo ya kahawa na chai, maganda ya papai. Wanyime ndimu, pilipili, vitunguu kwa wingi, samaki, na chochote chenye mafuta au chumvi. Wali wa nazi uliobaki ni wa kuku. Na mnyanya ulionyauka kwa ugonjwa usiutie humo: tuta la nyungunyungu halipandi joto la kuua vimelea wala mbegu za magugu, litakurudishia shambani ulichokitoa.

Siafu wakiingia usiku mmoja hawabakishi. Ukitumia sanduku la mbao, liweke juu ya miguu minne, kila mguu ndani ya kopo lenye oili chafu. Ukitumia tuta chini, zungushia jivu pana na ulibadilishe likilowa. Kuku nao ni maadui, ila hao angalau wanaonekana.

Kilo moja ya nyungunyungu hula kama nusu kilo ya chakula kwa siku, na kinachotoka ni pungufu ya hapo. Sanduku moja kwa hiyo litakulisha kitalu, halitakulisha robo ekari. Ukitaka zile kilo 270 za mashimo, anza na sanduku, waache wazaane miezi mitatu minne, kisha wahamishie kwenye tuta la mita moja kwa tatu chini ya mwembe, lijazwe samadi iliyopoa ya jirani. Hivyo msimu wa kwanza fikiria kitalu pamoja na mistari michache. Shamba zima lije msimu wa pili au wa tatu. Kuvuna, acha kuwalisha upande mmoja, weka chakula kipya upande wa pili. Baada ya wiki mbili wengi watakuwa wamehama na utakomba mboji. Iliyokomaa hunuka kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza. Ikinuka kitu kingine, hata ikiwa imefungwa mfuko mzuri wa duka la pembejeo, usinunue.

Yale maji meusi yanayodondoka chini ya sanduku si dawa ya ajabu kama yanavyosifiwa. Ni maji yaliyopitia vitu vinavyooza. Yazimue, moja kwa kumi, umwage shinani tu; juu ya majani ya mboga inayoliwa mbichi usinyunyize.

Nyanya zako zikioza kitako, doa jeusi lililodidimia upande wa chini wa tunda, mwanao atasema ni ukosefu wa kalsiamu na atataka ukanunue dawa ya maji. Kabla hujanunua, tazama ratiba ya kumwagilia. Mara nyingi kalsiamu imo udongoni, hasa kwenye matumbawe. Haifiki kwenye tunda kwa sababu maji yanakuja leo mengi, kesho kutwa hakuna. Hapa mboji pamoja na majani makavu ya kufunikia tuta husaidia kuliko chupa.

Na ili ugomvi wa nyumbani uishe: acha mistari miwili ya nyanya ilimwe kwa desturi yako ya zamani, miwili ipate mbolea kwa vipimo vipya bila mboji, miwili ipate vyote. Pima kreti za kila jozi kwa mizani, andika kwenye daftari, pamoja na shilingi ulizotumia. Shemeji ndiye ashike daftari.

Kuwapata sasa. Usihangaike kuchimba wa shambani; wale wakubwa wa kijivu hawapendi kufugwa sandukuni. Unaowataka ni wekundu wembamba, wenye mistari hafifu, na wafugaji wanaowauza kwa kilo wapo. Muulize afisa wa kilimo, au vikundi vya wakulima karibu nawe. Nunua nusu kilo tu, ujifunze kwa hao. Usikubali ufungiwe kwenye chombo kisicho na hewa. Nenda na ndoo yako yenye kumbi lenye unyevu, kifuniko umekitoboa kwa msumari, safiri alfajiri, na kwenye matatu ndoo ikae miguuni pako. Kondakta akitaka kuiweka juu ya keria, mlipie kiti.